Maswali na majibu: Hamsta wawili, kizimba kimoja

Barua nyingi za safari hii zinahusu hamsta vibete, wale wanyama wadogo wa jamii ya panya wanaofugwa nyumbani, na karibu nusu yake zinauliza jambo lile lile. Naanza nalo.

Swali: Niliwanunulia watoto hamsta wawili wa Kirusi. Mwenye duka alisema ni ndugu, wataishi pamoja vizuri. Sasa mmoja hatoki kwenye kona. Nifanyeje? (Mama wa watoto watatu, Leicester)

Jibu: Mama, watenganishe leo, usisubiri Jumamosi. Swali hili nimelijibu mara nyingi mno, na kila mara anayeumia ni yule wa kwenye kona. Wakiwa wachanga hulala wamerundikana, na hapo ndipo muuzaji anapokuonyesha. Wakipevuka, kila mmoja anataka eneo lake. Huyo wako hajatulia kwa upole, anazuiwa chakula na maji. Mshike, umpulize manyoya taratibu tumboni na karibu na mkia, maana vidonda vya meno hujificha huko.

Mimi pia niliuziwa wawili, nikaambiwa wote majike. Asubuhi moja nilimkuta mmoja kalala juu ya maranda yenye damu, sikio la kulia halipo. Hakuiona jioni. Aliyebaki alikuwa dume, kwa hiyo hata jinsia walinidanganya. Na wewe hakikisha za wako, kwani jike hubeba mimba kwa takriban siku 20 tu na anaweza kushika nyingine siku ile ile aliyozaa.

Wapo wanaofanikiwa kuwaweka pamoja, hasa aina ya Roborovski, lakini hao wana kizimba cha akiba tayari. Kama huna cha pili, fuga mmoja.

Swali: Namwogesha mara ngapi kwa wiki?

Jibu: Usimwogeshe kamwe. Mwekee bakuli la mchanga mkavu ajigaragaze mwenyewe. Nimesema mchanga, si unga wa vumbi wa kuogea chinchila (mnyama mwingine wa kufugwa, mwenye manyoya mengi), maana unga huo unaharibu mapafu ya hamsta.

Swali: Mtoto wangu ana miaka minne. Aina gani haing'ati na inapenda kushikwa? (Baba, Hamburg)

Jibu: Hakuna. Roborovski ndiye mdogo kuliko wote, ana gramu 20 na kitu, rangi ya mchanga, na nyusi nyeupe. Ni wa kutazamwa tu, kwani ukifungua kiganja umeshampoteza chini ya kabati. Campbell ana mstari mwembamba mweusi mgongoni na hulinda sana kizimba chake. Sungorus ni mpole zaidi, mstari wake mpana, na siku zinapofupika wakati wa baridi manyoya yake hugeuka meupe. Hawa wawili wa mwisho ndio wanaouzwa kwa jina moja la “Kirusi”, na wengi madukani ni machotara. Hamsta wa Kichina huwekwa kwenye kundi hili kwa udogo wake tu. Yeye ni wa ukoo mwingine, ana mkia unaoonekana, na hupanda sana.

Mtoto wa miaka minne hufinya asiposhika vizuri, na huangusha anapong'atwa. Mnyama wa uzito huu akianguka kutoka kifuani kwa mtoto anaweza kuvunjika mgongo. Mfuge wewe, mtoto amwangalie akila.

Swali: Na ule mpira wa plastiki wa kukimbilia?

Jibu: Utupe. Vidole vinanasa kwenye matundu, na akichoka hawezi kutoka. Nunua gurudumu lenye kipenyo cha sentimita 20 au zaidi, lenye sakafu nzima, si la vijiti.

Swali: Niko Mombasa, nataka Roborovski wawili. Kwa kuwa wanatoka jangwani, joto la huku si litawafaa?

Jibu: Wawili tena! Rudi swali la kwanza.

Joto halitawafaa. Huko Mongolia na kaskazini mwa China mchana wa jua kali mnyama huyu yumo shimoni, kwenye ubaridi, na hutoka usiku. Wewe unamweka kwenye kisanduku juu ya meza, wakati wa kaskazi, chumba kina nyuzi 32. Feni inakupoza wewe kwa sababu unatoka jasho. Yeye hatoki jasho. Chungu kisichopakwa rangi, kikilazwa ubavu, humpa mahali pa baridi, na maranda ya kina cha sentimita 20 humpa pa kuchimba. Hata hivyo, kama chumba hakishuki chini ya 27 mchana kutwa, usimnunue. Nasema hivi nikijua utavunjika moyo.

Swali: Wangu anakunywa maji chupa nzima na mkojo unanata.

Jibu: Huenda ni kisukari, ambacho huwapata sana Campbell na machotara wake. Mpeleke kwa daktari wa mifugo kesho, na matunda na vitamu vya asali uviache leo.

Swali: Mume wangu anasema huyu ni panya tu.

Jibu: Na panyabuku ni panya pia, naye kule Morogoro anafundishwa kunusa mabomu ya ardhini. Mwambie shemeji hivyo.

Swali: Shikamoo. Hamsta wangu amekufa usiku, ni wa baridi lakini mwili bado laini. Baba anataka kumzika jioni. (Mwanafunzi, Minneapolis)

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mwambie baba asubiri. Chumba kikipoa sana, hamsta kibete anaweza kuzama kwenye usingizi mzito, akapumua mara chache mno. Aliyekufa hukakamaa baada ya saa chache, na wako bado ni laini. Mweke kwenye viganja, karibu na kifua chako, utazame masharubu kwa dakika nzima. Yakitikisika hata mara moja, endelea kumpasha hivyo hivyo kwa saa nzima, bila hita wala kikausha nywele. Akiamka mpe maji kwanza, chakula baadaye, kisha umpeleke kwa daktari. Na usiku wa leo kizimba kisikae dirishani, kwenye baridi.