Mleta mada, usijaze friza kwa ratiba ya kwenye karatasi

Hiyo hela ya mshahara usiiguse kwanza. Nimesoma andiko lako mpaka pale uliposema tarehe 25 mkishapokea unakwenda sokoni mara moja, unanunua vya mwezi mzima, Jumapili unapika vyote, unavipanga friza kwenye vikopo na kila jioni kazi inakuwa kupasha tu. Hapo nikaacha kusoma nikaanza kuandika. Mengine uliyouliza, programu ya simu ya kuweka kumbukumbu za mapishi, watoto wasiotaka mboga za majani, zamu za jikoni na dada wa kazi, waje wengine wakujibu. Mimi hapo kwenye friza ndipo nilipozikwa.

Ratiba yangu niliuziwa na mama mmoja kwenye kundi la WhatsApp la bajeti za familia. Ilikuwa na rangi, kila usiku wa mwezi una chakula chake, hakuna kinachojirudia ndani ya wiki mbili. Sijui kama huyo mama amewahi kumpikia mtu yeyote zaidi yake na simu yake. Jumatatu kuku wa nazi, Jumanne samaki wa kuoka, Jumatano brokoli. Brokoli, Mbagala! Muuza mboga wangu alidhani namtukana. Ila nilishalipa, na mimi nikishalipia kitu akili inakwenda likizo.

Tukanunua. Kuku, nyama, vibua vya Feri, nazi za kutosha harusi. Jumapili nzima mimi na dada hatukutoka jikoni, mtungi wa gesi nao ukaomba poo. Kila kikopo nikakibandika karatasi yenye mwandiko safi: "Jumatano wiki ya 3, pilau." Nikavipiga picha nikaweka stetasi. Nilipongezwa mno, na hilo peke yake lilitosha kunishtua.

Wiki haijaisha, simu ikaja ya msiba Morogoro. Ratiba haikuwa na safu ya msiba. Tukafunga nyumba tukaondoka wote, dada naye, na hakuna aliyekumbuka kuangalia LUKU, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, imebakiwa na yuniti ngapi. Kwa faida yako: friza iliyojaa, mlango usipofunguliwa, hushika baridi kama saa 48 baada ya umeme kuzima, ikiwa nusu, kama saa 24. Sisi tulikaa mpaka matanga yakaanuliwa.

Harufu ilitupokea getini. Maji ya vibua yalikuwa yametambaa kutoka chini ya friza mpaka kwenye zulia, vifuniko vya vikopo vimevimba, lakini zile karatasi hazikubanduka hata moja. Nimesimama na mfuko wa taka nasoma mwandiko wangu: pilau, pilau, kuku wa nazi. Tui likishachacha hakuna cha kuokoa hapo. Mume wangu akauliza taratibu kama ile pilau ya wiki ya 3 tuizike na sanda au bila. Nikacheka, maana kulia kungenilazimu nivute pumzi ndefu.

Mwezi ule tuliumalizia kwa dagaa na matembele vya kukopa dukani kwa jirani, na mshahara ulipokuja ukaanza kulipa deni kabla ya kununua hata nyanya.

Nikamwandikia muuza ratiba. Unajua alinijibu nini? "Mpendwa, ratiba haina tatizo, tatizo ni nidhamu." Nidhamu! Marehemu angesubiri wiki ya 4 au? Nilipouliza hivyo nikaondolewa kwenye kundi. Nasikia sasa anauza toleo jipya.

Na usinijibu kwamba kwako umeme hauishi. LUKU ilikuja kumalizia tu; ratiba ilishapinda kabla. Jumanne ya samaki walikuja wageni ambao hata hawakupiga simu, Alhamisi shemeji akashusha mkungu wa ndizi kutoka Tukuyu. Huwezi kuuambia mkungu unaoiva usubiri zamu yake. Jioni za nyumba zetu ndivyo zilivyo, na ukipanga mwezi mzima unapangia nyumba ya mtu mwingine.

Sasa shika hili hata kama mengine utayaacha: ANDIKA KILICHOPIKWA, BAADA YA KUPIKWA. Nunua kaunta buku, toboa, funga kamba, tundika kwenye msumari karibu na kabati la vyombo. Tarehe, kilichopikwa na kiasi chake, kilichobaki. Hiyo ya mwisho ndiyo mali. Kwangu utakuta: "Wali njegere, kilo na robo, umebaki nusu sufuria." Chini yake: "Ugali, dagaa wa nazi, hakuna kilichobaki, ukoko umegombewa." Baada ya wiki chache unaona mwenyewe. Sisi kilo moja ya mchele inatutosha jioni na kiporo cha asubuhi, ile robo nilikuwa naitupa. Njegere watu wanazichambua wanaziacha pembeni ya sahani. Na maharage ambayo mume wangu aliapa tunakula "kila siku", daftari lilisema mara mbili tangu mwezi uanze. Nilimsomea kwa sauti, mbele ya mama yake.

Kutoka humo ndipo unapanga, na usipite siku tatu mbele. Tarehe 25 nunua vikavu tu: mchele, unga, maharage, choroko, dagaa wakavu, mafuta. Hivyo havijui LUKU ni nini. Kibichi kinunue unapokaribia kukipika, hata kama sokoni kwa jumla ni rahisi zaidi. Mimi urahisi huo niliubeba kwenye mfuko wa taka.

Ah, na programu ya simu. Zipo nyingi, lakini simu inaondoka na wewe asubuhi kwenda kazini, sufuria inabaki na dada. Aandike aliyepika, hapo hapo, kwa peni. Ila jiandae, kwa sababu dada wetu siku hizi kalichukulia daftari kama kitabu cha polisi. Juzi nimekuta: "Mchicha, haujaliwa kabisa, chumvi imezidi. Amepika mama."