Nimejiondoa mara tano na barua bado zinakuja: je, nifunge akaunti ya tiketi?

SWALI

Hujambo mtaalamu. Mimi ni mhasibu, nipo Mombasa. Mwaka 2023 nilijisajili kwa mafunzo ya siku moja kupitia kampuni ya mtandaoni inayouza tiketi za hafla. Tangu siku hiyo sina raha na barua pepe: mara tamasha la muziki Nairobi, mara kongamano la biashara Kigali, mara "usikose, nafasi zimebaki chache". Nimebofya neno Unsubscribe mara tano kwa hesabu yangu, na bado zinakuja. Sasa nataka kufunga akaunti yenyewe nimalize, lakini ukurasa wa kufunga unanidai nenosiri, nami sikumbuki kuliweka hata siku moja. Tena nina tiketi ya mafunzo ya Novemba, nimeshailipia. Nikifunga akaunti, barua zitakoma? Na tiketi yangu itakuwaje? Nimekutumia barua nne uzione.

JIBU

Sijambo dada, na pole kwa usumbufu. Nakuomba usifunge akaunti leo. Kuifunga peke yake hakutazikomesha barua hizo, na tiketi ya Novemba inaweza kupotelea humo humo. Kuna utaratibu wa kufuata, na ukianza na hatua ya mwisho, za mwanzo zinakuwa ngumu kuzirudia.

Nimezisoma barua zako nne hadi maandishi madogo ya chini kabisa. Ya kwanza imetoka kwa kampuni ya tiketi yenyewe. Ni jarida lao la kila wiki la hafla zilizo karibu nawe. Ya pili na ya tatu zimepitia mfumo wa kampuni hiyo na zina nembo yake, lakini waliozituma ni waandaaji wawili tofauti. Ya nne haina uhusiano wowote na kampuni ya tiketi: baada ya alama ya @ kuna kikoa, yaani jina la mtandaoni, cha yule mwandaaji wa mafunzo yako ya 2023, na imetumwa kwa programu nyingine kabisa ya kutuma barua kwa wingi. Kwa hiyo hukujiondoa mara tano kwenye orodha moja. Ulijiondoa kwenye orodha mbalimbali, moja moja, na huenda kila uliyoiambia ilikutii. Zilizobaki hazina habari kwamba umesema basi.

(Tahadhari kidogo: kiungo cha kujiondoa kwa kawaida hubeba namba inayokutambulisha wewe. Ukimtumia rafiki barua kama hiyo naye akakibofya, atakuwa amekuondoa wewe. Mimi sikukigusa.)

Unaponunua tiketi mtandaoni unawapa taarifa zako watu wawili kwa pamoja, anayeuza na anayeandaa. Mwandaaji anaihitaji orodha ya wanaokuja ili mtu wa mlangoni ajue nani kalipa. Orodha hiyo anaweza kuipakua kama jedwali la Excel, na ikishafika kwenye kompyuta yake, kampuni ya tiketi haiwezi tena kuifikia. Akiipandisha kwenye programu yake ya matangazo, tayari wewe ni mpokeaji wake. Ufunge akaunti ya tiketi usifunge, jedwali lile lipo pale pale.

Kazi yangu ni kusimamia mifumo ya kutuma barua pepe, na kuna jambo moja la ndani ambalo ningependa kila mteja alijue. Katika mfumo wetu anwani ina hali moja kati ya tatu: inapokea, imejiondoa, au imefutwa. Hizo mbili za mwisho kwako wewe ni kitu kimoja, kwani barua haiji. Kwetu ni mbali na mbali. Aliyejiondoa tunamkumbuka: anwani yake inakaa kwenye orodha ya kuzuia, na mtu wa masoko akipandisha jedwali la zamani lenye majina elfu mbili, mfumo unalilinganisha na orodha hiyo na kumruka. Aliyefutwa hatumkumbuki tena. Jedwali lile lile likipandishwa, anaingia kama mgeni, na tangazo la Ijumaa linamfikia. Nimeshuhudia hili mahali nilipowahi kufanya kazi. Mteja aliomba afutwe kila alama yake, akafutwa siku hiyo hiyo, na wiki tatu baadaye akapata tangazo jipya. Aliandika kwa hasira, na alikuwa na haki. Hakuna aliyemdharau, tulikuwa tumefuta pia kumbukumbu ya kukataa kwake.

Ndiyo maana nakwambia jiondoe kwanza, ufunge baadaye.

Sasa namna ya kujiondoa. Kila barua ya matangazo iliyotengenezwa vizuri ina njia mbili za kutokea. Moja unaijua, ni kile kiungo kidogo cha chini. Nyingine imefichwa kwenye kichwa cha barua, sehemu ambayo seva, yaani kompyuta zinazopokea na kupeleka barua, husomeana na wewe huioni, kwa mistari miwili inayoanza na List-Unsubscribe. Gmail ikiisoma mistari hiyo inakuwekea neno Unsubscribe juu, kando ya jina la mtumaji. Tumia hilo la juu. Ukilibofya na kuthibitisha, mara nyingi Google yenyewe ndiyo inayopeleka ombi kwa seva ya mtumaji. Hufunguliwi ukurasa wowote, huulizwi sababu, hudaiwi nenosiri. Utaratibu huu wa kubofya mara moja uliwekwa kwenye viwango vya intaneti Januari 2017, lakini watumaji wengi waliupuuza hadi Februari 2024, Google na Yahoo walipoanza kuwabana watumaji wakubwa. Kwa Google, anayetuma barua zaidi ya 5,000 kwa siku kwenda anwani za Gmail lazima aiweke njia hiyo kwenye matangazo yake, na ombi la kujiondoa atekeleze ndani ya siku 2. Kwa hiyo ukibofya leo, hesabu siku mbili tatu. Barua ikija baada ya hapo, kabla ya kukasirika tazama jina la mtumaji na kikoa chake. Mara nyingi utakuta ni orodha nyingine.

Ukilazimika kutumia kiungo cha chini, soma ukurasa unaofunguka usiharakishe. Kuna kurasa zenye visanduku vilivyokwisha kuwekwa tiki, na si rahisi kujua kama tiki maana yake "nitumie" au "usinitumie". Pia kuna kurasa zinazokutaka uingie kwenye akaunti ndipo ujiondoe. Kampuni iliyo chini ya sheria ya Marekani hairuhusiwi kufanya hivyo: sheria yao ya barua za matangazo ya 2003, pamoja na kanuni zake, inasema mtu asidaiwe zaidi ya anwani yake na kutembelea ukurasa mmoja, na ombi litekelezwe ndani ya siku 10 za kazi.

Haya yote ni kwa watumaji unaowatambua. Barua ya mtu usiyemjua kabisa, yenye anwani ya ajabu ajabu, usibofye chochote ndani yake, hata neno la kujiondoa. Unaweza kuwa unamthibitishia kwamba anwani yako ni hai na ina msomaji. Hiyo iripoti kama barua taka. Lakini mwandaaji wa mafunzo yako ya Novemba usimripoti kwa sasa, hata akikuchosha. Ukimripoti, Gmail inaweza kuanza kutupa kwenye barua taka hata ile barua ya kukujulisha kwamba ukumbi umebadilishwa.

Ukimaliza na barua, ingia kwenye akaunti yenyewe. Kuhusu nenosiri ambalo hukuwahi kuliweka, mambo ni mawili. Huenda ulinunua kama mgeni, na mfumo ukakufungulia akaunti kwa anwani yako bila nenosiri. Hapo nenda ukurasa wa kuingia, bofya "nimesahau nenosiri", na kiungo cha kuweka jipya kitakuja kwenye barua pepe. Au uliingia kwa kitufe cha Google, na kampuni haina nenosiri lako kwa sababu Google ndiyo iliyokuwa ikikudhamini. Dawa ni ile ile, weka nenosiri kwa njia ya kusahau, kisha ukurasa wa kufunga utakukubali. Kama ni kitufe cha Google, siku ya kufunga ikifika ingia pia kwenye mipangilio ya akaunti yako ya Google, sehemu ya programu zilizounganishwa, uondoe ruhusa ya kampuni hiyo. Kufunga upande mmoja hakuufungi wa pili.

Ukiwa ndani, tafuta ukurasa wa mapendeleo ya barua pepe. Utakuta mafungu: habari za kampuni, mapendekezo ya hafla, waandaaji unaowafuata. Hili la mwisho ndilo chemchemi ya tamasha na makongamano yako, kwa sababu mifumo mingine inakuunganisha na mwandaaji kwa kununua tiketi yake mara moja tu. Acha kuwafuata wote, ondoa tiki zote. Barua za shughuli, yaani risiti, mabadiliko ya saa na marejesho ya fedha, hazizuiliki kwa njia hiyo, na hiyo ni kwa faida yako.

Halafu pakua vilivyo vyako. Tiketi ya Novemba ihifadhi kama PDF yenye msimbo wake wa QR, uichapishe nakala moja. Risiti za miaka yote pakua pia. Wewe ni mhasibu, sina haja ya kukueleza thamani ya risiti. Angalia kama kuna marejesho ya fedha ambayo hayajakufikia, kwa maana akaunti ikishafungwa kuyafuatilia ni kazi nzito. Kadi ya benki kama imehifadhiwa, ifute kwa mkono wako kabla ya kufunga. Akaunti uliyoisahau yenye kadi na anwani yako ni mlango uliouacha wazi. Mei 2024 Live Nation, wenye kampuni ya kuuza tiketi ya Ticketmaster, waliijulisha mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani kwamba kuna watu walioingia bila idhini kwenye hifadhidata yenye taarifa za Live Nation, iliyokuwa kwenye seva za kampuni nyingine. Kwa hiyo wazo lako la kufunga akaunti usiyoihitaji naliunga mkono kabisa. Ninachokupinga ni tarehe tu.

Jambo moja usilitarajie: kufutwa kwa kila kitu. Kampuni itabaki na kumbukumbu za malipo kwa ajili ya kodi. Kenya na Tanzania sheria za kodi zinataka kumbukumbu za biashara zitunzwe miaka 5. Hilo ni halali. Lisilo halali ni kuzitumia kumbukumbu hizo kukutangazia.

Kuhusu mwandaaji wa barua ya nne, yule mwenye jedwali lake, jiondoe kwanza, kisha mwandikie moja kwa moja. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kukataa taarifa zako zitumike kwa matangazo na haki ya kuomba zifutwe, na kanuni za 2021 zinamtaka ajibu ombi la kufuta ndani ya siku 14. Sheria hiyo inamhusu hata aliye nje ya Kenya iwapo anashughulikia taarifa za watu walioko Kenya. Maneno yatoshe hivi:

"Naomba msitumie tena taarifa zangu binafsi kwa matangazo ya aina yoyote. Iwekeni anwani hii kwenye orodha ya wasiotumiwa matangazo, na mfute taarifa zangu nyingine zote ambazo sheria haiwalazimu kuzitunza. Nijulisheni pia mmempa nani mwingine taarifa hizo. Nasubiri jibu ndani ya siku 14 kwa mujibu wa kanuni za ulinzi wa data za 2021."

Tuma kutoka anwani ile ile wanayokutumia matangazo, la sivyo watakwambia hawakuoni kwenye orodha. Wakinyamaza, peleka malalamiko Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data pamoja na picha za skrini zinazoonyesha tarehe. Sheria inaitaka ofisi hiyo ihitimishe malalamiko ndani ya siku 90. Msomaji wa Tanzania ana haki inayofanana na hiyo chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, na malalamiko yake huenda kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Siku nyingine ukilazimika kununua tiketi kwa kampuni mpya, na unatumia Gmail, ongeza alama ya kujumlisha na neno lolote kabla ya @, mfano jina+mafunzo, halafu uendelee na gmail.com kama kawaida. Barua zitakufikia vile vile, na tangazo la mtu mwingine likija kupitia anwani hiyo utajua jedwali lilitokea wapi. Fomu chache huikataa alama hiyo, lakini nyingi huikubali.

Sasa tarehe. Kujiondoa na kubadili mapendeleo fanya leo jioni, ni kazi ya nusu saa. Barua kwa mwandaaji wa 2023 itume kesho. Akaunti iache wazi hadi mafunzo ya Novemba yapite na cheti chako cha mahudhurio kikufikie, maana waandaaji wengi wanakituma kupitia akaunti hiyo hiyo ya tiketi. Ukishakiweka cheti pamoja na risiti zako, rudi kwenye mipangilio, bofya kufunga akaunti, na ile barua ya kuthibitisha kwamba imefungwa usiifute.