Vigae ni Vingi, Muda ni Mchache

SWALI: Niko mwaka wa mwisho wa shahada ya akiolojia. Kwa ajili ya tasnifu nimekabidhiwa masanduku 12 ya vigae vya vyungu vilivyochimbuliwa zamani, pamoja na daftari za wachimbaji. Nina miezi 7. Nipime vyote, au nichague vyenye nakshi?

JIBU: Kabla ya kigae, lebo. Linganisha kila mfuko na daftari: mtaro upi, tabaka lipi la udongo, kina gani. Mfuko usiojulikana tabaka lake uweke kando, hata kama ndani mna kigae kizuri kuliko vyote, maana hautakusaidia kueleza kipi kilitangulia kipi. Humohumo daftarini tafuta ukubwa wa matundu ya chekeche. Waliochekecha kwa matundu ya milimita 10 walipoteza shanga ndogo na mifupa mingi ya samaki, kwa hiyo usije ukaandika kwamba wakazi hawakuvaa shanga wala kula samaki.

Kuchagua vyenye nakshi tu kutaharibu kazi yako yote. Chungu kilichochorwa shingoni pekee kikivunjika hutoa vigae vingi vitupu vya tumboni, nawe utakuwa umevitupa. Chagua matabaka, si vigae: matatu au manne ambayo hayakuvurugwa na mashimo ya baadaye, kisha chambua kila kilichomo.

Jaribu kwanza vigae 100 huku ukitazama saa. Kimoja kikichukua dakika 4, basi 1,500 ni saa 100, na hapo hujachora wala kupiga picha. Andika idadi na uzito pia: chungu chembamba huvunjika vipande vingi na kuvimbisha idadi, chungu kinene huvimbisha uzito. Kipande cha mdomo kilicho chini ya asilimia 5 ya duara usikipime kipenyo. Kosa dogo la mkono hapo hugeuza bakuli kuwa mtungi.

Udongo usiuhukumu kwa uso, kwani masizi huficha. Kwa idhini ya mhifadhi, mega ncha kwa koleo utazame kwa lenzi inayokuza mara 10. Kiini cheusi kati ya kingo nyekundu mara nyingi huonyesha kwamba moto haukudumu vya kutosha kuunguza kaboni iliyo ndani.

Baada ya wiki mbili, chambua upya vigae 50 vya mwanzo bila kutazama ulichoandika. Majibu yakitofautiana, usisahihishe tarakimu. Rekebisha maelezo ya kundi ulilovipangia vigae hivyo, kisha rudia vyote ulivyoviweka humo.