Joho la Bikira Maria limetoka kama chaki: nimekosea wapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Najifunza rangi za mafuta kwa kunakili picha ya Raphael, mchoraji wa zamani wa Italia, ile Bikira Maria amekaa kwenye uwanda na watoto wawili, Yesu na Yohana Mbatizaji. Joho nililipaka ultramarini, ile buluu nzito, iliyochanganywa na nyeupe, likatoka kama chaki. Nikaongeza mafuta ili ling'ae. Hii ni wiki ya tatu na bado linanata. Uso nao una rangi ya majivu. Nianze upya?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Marahaba. Usianze upya. Kwangua joho tu kwa kisu cha paleti, upanguse kwa kitambaa chenye tapentaini kidogo, picha nyingine uiache.

Mafuta ya kitani hayakauki kama nguo kwenye kamba. Hayaruki hewani; huvuta oksijeni na kugeuka kuwa utando mgumu. Ukiyamimina mengi, juu hufunga ngozi na chini hubaki mabichi. Tena ultramarini ni mvivu kukauka, tofauti na amba, rangi ya udongo ya kahawia, ambayo ina madini ya manganizi ya kuiharakisha. Kwa hiyo tabaka za chini ziwe kavu-kavu, zenye mafuta kidogo, na za juu ndizo ziongezewe. Ukigeuza mpangilio huo, picha itapasuka.

Sasa mng'ao uliokuwa unautafuta. Raphael alipaka picha hii karibu na mwaka 1506, juu ya ubao uliolainishwa kwa tabaka jeupe. Mwanga hupenya rangi, hugonga weupe ulio chini na kurudi machoni ukiwa umepita ndani ya buluu. Wewe uliuweka weupe ndani ya buluu yenyewe, ukaziba njia. Wachoraji mabingwa wa zama za Raphael nao walichanganya nyeupe, lakini kwenye sehemu zenye mwanga. Kivulini waliiacha ultramarini karibu peke yake.

Fanya hivi. Chukua kipande kidogo cha kanvasi unakili goti tu, pale joho linaposhuka kuelekea mguu wake wa kulia. Paka mikunjo yote kwa nyeupe na amba, bila buluu hata chembe, na sehemu za mwanga ziwe nyeupe kuliko unavyodhani inafaa. Subiri ikauke. Kisha chukua ultramarini tupu yenye tone la mafuta, itandaze nyembamba kwa brashi laini, halafu igongegonge kwa kitambaa mpaka mikunjo ionekane chini yake. Mara ya kwanza itakukatisha tamaa, kwani itafanana na maji ya buluu ya kufulia. Ikikauka rudia, mara mbili au tatu, ukizidisha kivulini.

Na hiyo buluu ya kufulia, kwa asili yake, ni ultramarini ya kiwandani, ambayo Wafaransa waligundua namna ya kuitengeneza katika miaka ya 1820. Ya Raphael ilisagwa kutoka jiwe la lapis lazuli lililochimbwa Afghanistan, na bei yake ilitisha; ndiyo maana wengi walitanguliza chini yake azuriti, buluu nyingine ya mawe yenye bei nafuu zaidi. Ila usiende dukani kununua ya kufulia, imechanganywa na vitu vingine.

Majivu ya uso bila shaka yametokana na nyeusi. Nyeusi na nyeupe huzaa kijivu cha kibuluu, na ngozi hufa. Kivuli kipe okeri (rangi ya udongo ya manjano), amba na nyekundu kidogo, kisha kingo uzilainishe kwa brashi kavu. Huko Florence, Italia, Raphael alikuwa amezitazama sana kazi za mchoraji Leonardo da Vinci, na vivuli vyake hapa vinayeyuka taratibu kama moshi. Hutaona mstari unapoishia shavu.

Vitambaa vyenye mafuta ya kitani usivirundike pembeni. Hujipasha joto vyenyewe na vinaweza kuwaka bila kiberiti. Vitandaze nje kimoja kimoja, au vitumbukize kwenye kopo la bati lenye maji kabla hujalala.