Usisafirie nyota ya shoga yako

*Shangazi, shikamoo. Mimi na mume wangu tunatimiza miaka 10 ya ndoa na nimepanga twende Zanzibar siku nne. Siku ya kwanza kobe wa kisiwa cha Changuu, Mkunazini na Forodhani. Siku ya pili pomboo Kizimkazi, kima Jozani, mashamba ya viungo, jioni Nungwi. Siku ya tatu Mnemba, kisha machweo Paje. Ya nne manunuzi na kurudi. Shoga yangu alifanya yote hayo mwaka jana na picha zake watu wanazisifia mpaka leo. Nimechagua Aprili kwa sababu hoteli zinashusha bei. Lakini mume wangu kila nikisema ana neno. Aprili hataki, anataka Julai. Paje eti jua halizami. Tena anataka twende na mama yake, mzee wa miaka 70 na ushee, aliyezaliwa Makunduchi, kusini mwa Unguja, akaolewa bara, na tangu hapo amerudi kwao mara moja tu, kwenye msiba. Nani anakwenda fungate na mama mkwe? Kinachoninyima usingizi zaidi ni kwamba usiku nilimkuta anatazama kalenda ya mwezi kwenye simu, na pembeni ana karatasi ya tarehe na saa. Kila siku saa imesogezwa mbele. Sisi ni watu wa ibada. Huyu ana mganga au ana mwanamke?*
*Aliyechoka, Morogoro*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kukesha, ingawa usingizi huo umejinyima mwenyewe.

Nianze na karatasi, maana nilipofika hapo niliweka kalamu chini nikacheka peke yangu. Unguja, hasa pwani ya mashariki, mtu hapangi siku yake bila kujua maji. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila kukicha maji huchelewa kama dakika 50. Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, linaingia bamvu: maji hujaa kweli na kupwa kweli, tofauti hufika kama mita 4, na ukiwa Paje au Jambiani utaifuata bahari kwa miguu mpaka ukate tamaa. Mwezi ukiwa nusu ndiyo maji mafu, hayaendi mbali. Sasa niambie, ni hawara gani atakubali kucheleweshwa dakika 50 kila siku bila kugomba? Mumeo alikuwa anakutafutia saa ya kuogelea.

Na nani alimfundisha kutafuta maji kwenye mwezi? Mtoto aliyekulia Morogoro hazaliwi na elimu hiyo. Mama yake huyo, usiyemtaka kwenye safari.

La machweo pia mumeo ana haki. Paje inatazama mashariki, jua linachomoza pale. Ukitaka kuliona likitumbukia baharini nenda Nungwi au Kendwa. Na Aprili ni katikati ya masika. Mwenye hoteli hashushi bei kwa huruma, anashusha kwa sababu mvua inanyesha kuanzia Machi hadi Mei na wageni wamekimbia; wengine hufunga kabisa wakapaka rangi. Utakaa dirishani siku nne unapiga picha matone.

Julai ndiyo kipupwe, kuna upepo wa kusi, jua lisilochoma, mvua za kubahatisha. Lakini sidhani mumeo aliichagua Julai kwa hali ya hewa tu. Julai Makunduchi kuna Mwaka Kogwa, sherehe yao ya mwaka mpya. Wanaume hupigana kwa vigogo vya migomba kumaliza vinyongo vya mwaka, kibanda cha makuti huchomwa moto, wanawake huimba, mgeni hulishwa mpaka aombe radhi. Watu wa kule waliotawanyika hurudi nyumbani siku hizo. (Ningekuwa wewe ningeomba kigogo kimoja nimalizane na mume wangu hapo hapo.)

“Mara moja tu, kwenye msiba.” Maneno hayo uliyapita mbio kama mtu anayeruka dimbwi, ukakimbilia kwenye fungate. Mimi nimekaa nayo siku mbili. Mwanamke aliolewa bara, akazaa, akalea, akakupa mume, na kwao amerudi mara moja, kwa kilio. Mwanawe anataka amrudishe angalau mara moja kwa kicheko, magoti yakiwa bado yanapanda boti. Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na huyu mama ngama yake iko Makunduchi. Wewe unamwona ni mzigo wa ziada.

Halafu hilo neno fungate. Fungate ni siku saba za baada ya harusi, na zako zilikwisha miaka 10 iliyopita. Hii ni safari ya familia iliyokomaa. Barua yako nimeihesabu: pomboo wametajwa, kobe wametajwa, shoga ametajwa na picha zake. Kitu ambacho mumeo anapenda kukifanya akiwa mapumzikoni sijakiona popote. Usisafirie nyota ya mwenzio, bibie.

Tena ratiba yenyewe ni ya dereva wa malori. Kisiwa kina urefu wa kilomita 85 hivi. Kizimkazi iko ncha ya kusini, Nungwi ncha ya kaskazini, na wewe umezifunga zote kwenye siku moja, na viungo katikati. Utawaona kima punju kupitia kioo cha gari, na hao hawapatikani kwa asili mahali pengine duniani ila Unguja. Pale Jozani panatakiwa asubuhi nzima: utembee msituni polepole, kisha upite kwenye daraja la mbao ndani ya mikoko. Pomboo nao si sinema. Boti zikiwazunguka kumi kwa pamoja wanahangaika, kwa hiyo mwambieni nahodha akae mbali, na usiwarukie.

Changuu sina ugomvi nako. Wale kobe ukoo wao uliletwa kutoka Shelisheli, na lile gereza la kisiwani halikuwahi kufunga wahalifu, liligeuzwa karantini ya wagonjwa. Nusu siku inatosha. Ila Mkunazini umeipa nafasi kati ya kobe na mishikaki ya Forodhani, nikashtuka. Pale palikuwa soko la kuuza watu mpaka 1873. Hapaendewi na tabasamu la simu. Shuka kwenye vile vyumba, nyamaza, toka, mkakae mahali mnywe maji.

Siku hizi ndoa zimekuwa kama duka: bora ipambwe dirishani, ndani hata kama hakuna bidhaa. Zamani watu walisafiri ili wapotee machoni pa majirani. Sasa mtu anasafiri ili majirani wamwone vizuri zaidi. Mume analala na njaa ya mazungumzo, mke anahangaika na mwanga wa jioni, na wakirudi wanaambiwa “mmependeza”. Nimepokea barua za wanandoa waliokwenda mpaka ng'ambo wakarudi hawasemeshani, na chanzo ni nani alishika simu vibaya. Wanaume nao sasa wanapiga magoti mchangani mbele ya mpiga picha wa kukodi, kumbe kodi ya nyumba haijalipwa. Lakini nimetoka nje ya barua yako.

Mumeo ana kosa moja: mdomo mzito. Angekwambia “nataka nimpeleke mama Mwaka Kogwa” badala ya kukuachia “lakini, lakini” na vikaratasi vya usiku. Pengine alijaribu, ukamkatiza na picha za shoga. Sikuwepo.

Fanyeni hivi. Nendeni Julai, siku saba kama likizo inaruhusu, au sita. Za kwanza kaeni kusini na mama. Kizimkazi ni jirani, Jambiani na Paje ni jirani, Jozani iko njiani mkitoka mjini. Maji yakipwa usinune. Hapo ndipo wanawake wanaingia kwenye mwani na wengine wanachokoa pweza kwenye mawe. Vaa viatu, maana nungu wa baharini hana adabu na sindano zake zinakaa mguuni wiki. Muombe mama akuongoze. Huenda ukashangaa mkwe wako ana maneno mengi kuliko uliyoyasikia miaka yote 10, kwa sababu safari hii atakuwa mwenyeji wewe mgeni.

Kisha mwacheni kwa nduguze, hatawafuata. Nyinyi wawili pandeni kaskazini usiku mbili, Nungwi au Kendwa, kule maji hayakimbii sana na jua linazama linapotakiwa. Hapo piga picha zako, sikukatazi. Siku ya mwisho mkutane wote Mji Mkongwe, jioni mkae Forodhani mama anywe juisi ya miwa.

Boti kutoka Dar ni kama saa mbili, na kusi hilo hilo lenye hewa nzuri huichafua bahari katikati ya mkondo. Mimi na marehemu mume wangu tulivuka Julai nikiwa na gauni jipya la manjano; gauni halikufika. Beba tangawizi, kaeni chini na nyuma, si juu mbele. Kama magoti ya mama hayawezi ngazi za bandarini, tafuteni ndege, ni dakika 20 tu angani. Vitambulisho vya wote watatu mkononi, na kanga mbili za ziada za kujitanda mkipita vijijini.

Leo usiku usimguse mumeo na maswali. Mpigie mama mkwe, muulize mwezi ukiwa wa siku tatu maji ya kwao hujaa saa ngapi. Kaa na kalamu, atakujibu bila kutazama popote. Kisha kailinganishe na ile karatasi.