Vinywaji vya kuongeza nguvu na damu kuganda

Ndugu, umeuliza kama makopo mawili ya kinywaji cha kuongeza nguvu kila siku yanaweza kumletea bonge la damu mdogo wako aliyerithi Faktari V Leiden, hali inayofanya damu igande kwa urahisi. Ugonjwa wenyewe hautokani na kinywaji. Ni hitilafu ya jeni, mtu huzaliwa nayo. Kilichoonekana katika utafiti mdogo wa vijana wenye afya ni kwamba chembe sahani (chembe za damu zinazosaidia damu kuganda) zilishikana kwa urahisi zaidi muda mfupi baada ya kunywa. Kushikana kwenye kipimo cha maabara si sawa na bonge kuziba mshipa, lakini kwa hali yake aache tu, hapotezi kitu.

Kopo la mililita 250 huwa na kafeini miligramu 80 hivi, la 500 takriban 160. Kikomo cha mtu mzima mwenye afya ni miligramu 400 kwa siku, chai na kahawa zikihesabiwa humo humo.

Kama anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asome lebo: jinsengi, mmea wa dawa inayotiwa katika baadhi ya vinywaji hivi, inaweza kupunguza nguvu ya dawa na INR (kipimo cha muda damu inaochukua kuganda) ikashuka. Tena warfarini hushusha protini C na S, ambazo kwa kawaida huzuia damu isigande kupita kiasi, kwa hiyo kuzipima akiwa kwenye dawa hupotosha majibu. Asiiache mwenyewe ili apimwe; daktari ndiye hupanga. Kipimo cha jeni ya Faktari V Leiden hakiathiriki na dawa hiyo.

Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au kifua kikichoma anapovuta pumzi, awahi hospitali saa hiyo hiyo.