Geneviève de Galard hakufia Dien Bien Phu

Kuna wanaosema Geneviève de Galard, yule nesi Mfaransa wa Dien Bien Phu (kambi ya jeshi la Ufaransa huko Vietnam), aliuawa kambini. Hapana, hakufia vitani, alifariki 30 Mei 2024, akiwa na miaka 99, kwa hiyo habari hiyo futa kabisa. Nilisoma tanzia zake wakati ule zilipotoka. Alikuwa nesi wa ndege, kazi yake kuchukua majeruhi na kuondoka nao, sasa Machi 1954 ndege ikaharibika wakati wa kutua usiku, kulipokucha mizinga ya Viet Minh, wapiganaji wa Vietnam waliokuwa wakipigana na Wafaransa, ikaimalizia hapo hapo uwanjani na yeye akabaki, akaingia handakini kwa daktari Grauwin kufunga vidonda vya watu waliokatwa mikono na miguu mpaka kambi ilipotekwa 7 Mei. Wakamwachia mwezi huo huo, na Julai akapokewa New York kwa gwaride, Eisenhower akampa medali. Baada ya hapo akaolewa 1956 na mwanajeshi, wakapata watoto watatu, na hayo maisha marefu ya umama ndo watu hawayasemi.

Ila hilo wanalosema kwamba alikuwa "mwanamke pekee" kambini nalo si kweli sana, alikuwa nesi pekee wa kike, lakini kulikuwa na wanawake wa Algeria na Vietnam walioletwa kwenye danguro la jeshi, na mapigano yalivyokolea nao wakahudumia majeruhi. Hao medali hawakupewa.